Reli za Mezani na Ukarimu wa Watu Wasioonana

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wazee wetu mliopata kufanya kazi reli, na ninyi vijana mliojaa safu za nyuma, nawashukuru kwa kufika licha ya foleni ya leo.

Nimeombwa nizungumzie jamii za wapenzi wa treni za kuchezea zilizostawi mtandaoni, na hasa jambo ambalo kila anayeingia humo kwa mara ya kwanza hulishangaa, yaani upole wa watu wake. Katika mitandao tuliyoizoea, anayeuliza swali la kitoto huchekwa kabla ya kujibiwa, na mara nyingi hajibiwi kabisa. Huku, mtu asiyejua hata reli ndogo hupelekewa umeme kwa njia gani huuliza jioni, na asubuhi hukuta amejibiwa na watu wa Uingereza, Japani na Afrika Kusini, na mmoja wao ameambatisha mchoro wa waya alioupiga kwa mkono na penseli. Hoja yangu ni kwamba hali hii haitokani na wema wa moyo peke yake, maana sioni sababu ya kuamini kuwa watu wa treni ni wema kuliko watu wa mpira. Inatokana na jinsi mchezo wenyewe ulivyojengwa, na kwa sehemu kubwa inatokana na vipimo.

Treni za kuchezea zilianza zamani, lakini kwa miaka mingi kila kiwanda kilitengeneza reli kwa upana wake, na mtoto aliyenunuliwa behewa la kiwanda kimoja hakuweza kulipitisha kwenye reli ya kiwanda kingine. Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilileta treni zenye upana wa reli uliopangwa na kupewa namba. Upana wa namba 1 ni milimita 45, na ule wa namba 0 uliofuata ni milimita 32, na vyote viwili vinatumika hadi leo. Tangu hapo reli ikawa kitu cha kuongezwa kipande kwa kipande, mwaka baada ya mwaka, na siyo kitu cha kufungwa sandukuni kikachakaa kama kilivyonunuliwa. Baadaye wapenzi wenyewe walishika usukani: Wamarekani waliunda chama chao cha kitaifa, NMRA, mjini Milwaukee mwaka 1935, na Wazungu wa bara wakaunda shirikisho la MOROP mwaka 1954. Kazi iliyovipa vyombo hivyo heshima ilikuwa ya kuchosha kuliko zote, nayo ni kuandika upana wa gurudumu, kina cha ukingo wake na nafasi kati ya reli na reli, kisha kuwashawishi wenye viwanda wavifuate.

Chukueni mfano wa kipimo kinachotumika zaidi duniani, kiitwacho H0, ambamo kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli yetu ya kisasa ya SGR, ambayo abiria walianza kuipanda kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ina upana wa milimita 1,435. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli ya H0 inayouzwa Tokyo, Hamburg au Chicago. Maana yake ni kwamba hitilafu inayomsumbua mtu wa Tabata ni ileile inayomsumbua mtu wa Osaka. Treni ikizima kila inapofika kwenye makutano ya njia, sababu zake ni chache na zinajulikana: ama reli mbili zenye umeme wa pande tofauti zimeguswa na gurudumu moja, ama kipande cha katikati hakina umeme, ama magurudumu hayajapimwa sawasawa. Anayejibu anajua kuwa jibu lake litafaa, na anajua pia kuwa litawafaa wengine wengi watakaolikuta baadaye. Mwalimu yeyote atawaambia kwamba mtu huchoka kufundisha pale anapoona maneno yake yanapotea. Hapa hayapotei.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika umeme wa kuongozea treni. Zamani ulizungusha kitasa, umeme ukaongezeka relini, na treni zote zilizokuwa juu ya reli hiyo zikaenda pamoja. Katika miaka ya 1990 NMRA iliupitisha kuwa kiwango cha wote mfumo wa kidijitali uitwao DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Katika mfumo huo reli hubeba umeme na ujumbe kwa wakati mmoja: umeme hugeuzwa upande kwa haraka sana, na geuzo fupi, lenye mikrosekunde 58 kila nusu, husomwa kuwa moja, ilhali lile refu, lenye mikrosekunde 100 au zaidi, husomwa kuwa sifuri. Ndani ya kila kichwa cha treni mna kidude kinachosoma tarakimu hizo na kuitika jina lake tu. Kwa kuwa kanuni hizi zimechapishwa na kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, watu wa kujitolea wameandika programu huria, zikiwemo JMRI na DCC-EX, na hii ya pili huendeshwa na kibao cha Arduino, kile kile ambacho wanafunzi wetu wa ufundi hukitumia kuwashia taa za majaribio. Mtambo ambao dukani ungekugharimu mshahara wa mwezi unaweza kuunganishwa mezani kwa vifaa vya Kariakoo, na wale walioiandika programu hiyo ndio watakaokujibu utakapokwama. Sijui michezo mingi ya watu wazima inayoweza kusema hivyo.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye kisa kimoja. Kijana mmoja wa Temeke, fundi seremala ambaye amekulia jirani na reli ya TAZARA, alitaka kutengeneza mfano wa reli hiyo, na alianza kwa kukata tamaa kwa sababu hakuna kiwanda kinachouza treni ndogo za TAZARA. Aliandika swali lake kwa Kiingereza cha kuungaunga, akaweka na picha ya meza tupu ya plaiwudi. Mstaafu mmoja wa New Zealand alimjibu kwa maswali kabla ya ushauri: meza ina urefu gani, mfukoni kuna nini, na kona kali kuliko zote itakuwa na nusu kipenyo cha sentimita ngapi. Kisha akamweleza jambo ambalo yule kijana hakuwa amelifikiria. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, sawa kabisa na reli za New Zealand, na watu wa huko walishalitatua tatizo hilo siku nyingi: hawapunguzi mara 87, wanapunguza mara 64, na hapo 1,067 inakuwa milimita 16 na ushei, kiasi kwamba reli ya kawaida ya H0 inatosha bila kuchongwa upya. Kinachobaki kutengenezwa kwa mkono ni mabehewa na mwili wa kichwa cha treni, na seremala hakosi mkono.

Kijana aliporudi na ndoto ya daraja la mto Mpanga, lile lililoko kati ya Mlimba na Makambako lenye nguzo za takriban mita 50, yule mzee hakumkatisha tamaa wala hakumdanganya. Alimpigia hesabu: nguzo za sentimita 78 juu ya meza, na chini yake bonde. Akamshauri aanze na stesheni ndogo yenye njia mbili na tanki la maji, ajifunze kulehemu waya kwenye reli bila kuyeyusha mataruma ya plastiki, daraja lije baadaye. Mwingine, wa Queensland nadhani, ambako hewa ya pwani ni kama ya kwetu, alimtahadharisha asinunue reli kuukuu za chuma kwa kuwa rahisi, maana chumvi itazila, bali atafute zile za mchanganyiko wa nikeli na azifute mara kwa mara kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi. Nimeiona ile meza. Stesheni ipo, paa lake ni la bati la kopo la maziwa lililokunjwa kwa koleo hadi likapata mikunjo ya bati halisi, na treni inapita bila kuzima isipokuwa mahali pamoja karibu na ukuta.

Angalieni jambo lililomfungulia mlango kijana huyu. Hakuonyesha kitu kilichokamilika. Katika mchezo huu karibu hakuna kinachokamilika, kwa sababu hakuna nyumba inayotosha. Njia kuu ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 205, na hata ukiipunguza mara 87 utahitaji zaidi ya kilomita 2 za reli. TAZARA yote, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kwa kipimo cha kijana wetu ingekuwa kilomita 29. Ule mfano mkubwa wa Hamburg, Miniatur Wunderland, uliofunguliwa mwaka 2001 na kutandaza reli za kilomita nyingi, nao bado unaongezwa. Basi kila mtu ni mtu wa kazi isiyokwisha, na mwenye kazi isiyokwisha haoni haya kuonyesha waya zilizoning'inia. Pale ambapo wenyeji huonyesha vilivyokamilika tu, mgeni hukaa kimya.

Kuhusu kukua kwa jamii hizi nitapita haraka, kwa kuwa sababu zake mnazifahamu. Klabu kongwe inayojulikana, ya London, ilianza mwaka 1910, na klabu za aina hiyo zilihitaji chumba, ufunguo, ada na watu wa mji mmoja. Pale MIT, Marekani, klabu ya wanafunzi iliyoanzishwa mwaka 1946 iliongoza treni zake kwa vifaa vya mitambo ya simu, na baadhi ya wanachama wake wakawa miongoni mwa wabobezi wa mwanzo wa kompyuta, kwa hiyo si ajabu kwamba watu wa treni walikuwa wameshajikusanya katika makundi ya majadiliano hata kabla ya intaneti kufika majumbani. Zikaja video, ikaja mashine ya kuchapa maumbo ya plastiki, na ukaja mwaka 2020, ambapo watu wengi waliofungiwa ndani walishusha masanduku ya utotoni kutoka darini. Mtu ambaye huenda ni peke yake katika kata nzima alipata majirani.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kuwa hakuna ugomvi. Wapo wanaobishana kuhusu reli tatu za Lionel, kampuni ya Marekani ambayo reli yake ya katikati haimo katika njia za kawaida za treni, na wengine hawaziiti treni zake mifano bali vitu vya kitoto. Wapo pia wale wanaotaniwa kuwa ni wahesabu ribiti, yaani pini za kuunganishia mabati, wanaoweza kuitazama kazi yako ya miezi na kusema tu kwamba mlango wa behewa umekosewa kwa nusu milimita. Mimi nawatetea. Ni wasumbufu, lakini ndio waliohifadhi michoro na namba za vyombo ambavyo wenye reli wenyewe walishavikata vyuma chakavu. Tatizo la kweli ni bei. Kichwa kimoja kipya chenye sauti hugharimu mamia ya dola kabla ya usafiri na ushuru, na ukarimu wa maneno haufiki forodhani. Ndiyo maana wa kwetu atalazimika kutengeneza zaidi na kununua kidogo, na kwa maoni yangu hilo si hasara, kwa nchi ambayo watoto wake wameunda magari ya waya na makopo tangu enzi.

Tena sisi hatuendi kule kuomba tu. Wapenzi hawa wana njaa ya habari za reli za Afrika Mashariki. Zile injini za mvuke za aina iliyoitwa Class 59, zilizojengwa na Beyer Peacock wa Manchester na kupewa majina ya milima yetu, zinapendwa mno. Ya namba 5918, Mount Gelai, ipo katika makumbusho ya reli Nairobi, na aliye mbali anaweza kuiona kwa picha. Lakini nani amepima behewa la mizigo la TAZARA? Nani anajua rangi ya kijani au ya njano iliyopakwa ilikuwa ipi kabla ya jua la Mlimba kuifubaza, ngazi ya breki ilikuwa na vipandio vingapi, na maandishi ya ubavuni yalikuwa na kimo gani? Habari hizo ziko Dar es Salaam, katika vichwa vya watu walio hai, na nyingine zimeegeshwa kwenye njia za pembeni zikiota majani. Anayetaka kwenda kupima aandike barua ya kuomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, apeleke na nakala, asiingie na kamera kienyeji, kisha aende na tepu ya mita 5, daftari na mwenzake wa kushika ncha ya pili.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na nipo tayari kwa maswali. Ila kabla ya vijana kuuliza, ninaona kuna mzee safu ya pili aliyetikisa kichwa nilipotaja ngazi ya breki. Ningeomba apewe kipaza sauti yeye kwanza, atusahihishe.