Mashine ya nyasi matopeni: tuanze na breki

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Ndugu zangu wa Kongo, jambo sana. Asanteni kwa kuja na baridi hii. Waliokaa nyuma naomba msogee, kwa sababu mashine ninayoizungumzia ni hii hapa juu ya jeki, na mengi nitakayosema nitawaonyesha kwa kidole.

Hii ni mashine ya kukata nyasi, ile ya kukaa juu yake ukaiendesha. Hapa Iowa, Marekani, ziko kila mahali penye uwanja mkubwa. Ikizeeka, sahani ya visu ikaliwa na kutu, mwenyewe anaisukuma hadi nyuma ya banda anaisahau, na kumbe injini bado nzima. Vijana wetu wanazipata kwa bei ya kutupa, wengine wanapewa bure. Swali wanaloniletea gereji ni lile lile: fundi, tuigeuze vipi ipite matopeni, kwenye mashamba yaliyovunwa, kwenye njia za msituni? Nimekubali kuja kusimama mbele yenu kwa sababu swali hilo ni zuri, na kwa sababu nimeona watu wakiumia kwa kuanza na mambo ya mwisho.

Kijana akishatoa visu, kitu cha kwanza anachotaka ni mbio. Ilivyotoka kiwandani, mashine kama hii inakwenda kilomita 8 kwa saa au zaidi kidogo, naye anaona aibu kupitwa na mtu wa baiskeli. Mimi nasema porini mbio hazina kazi. Tope linataka nguvu ya kuvuta. Mteremko unataka breki. Shikeni hayo mawili, mengine yote yatafuata.

Wanaotaka mbio wapo, na wana uwanja wao. Mwaka 1973 huko Uingereza, watu waliokuwa kwenye baa ya Cricketers Arms, kijiji cha Wisborough Green, Sussex, walitafuta mchezo wa mashine usiohitaji pesa nyingi, wakaanzisha mashindano ya mashine za nyasi. Marekani nao wakaunda chama chao mwaka 1992. Visu vinatolewa kwanza, mashine inashushwa karibu na ardhi, na watu wanashindana mahali palipotengwa. Nawaheshimu sana, lakini kazi yao ni nyingine.

Sisi tuko karibu zaidi na mzee Alvin Straight. Huyu alikuwa mtu wa hapa hapa Iowa, mji wa Laurens. Mwaka 1994, akiwa na miaka 73, macho yamepungua hawezi kupewa leseni, alisikia ndugu yake aliyeko Wisconsin amepata kiharusi. Akapanda mashine ya nyasi, akafunga tela nyuma, akaondoka. Maili 240 hivi, yaani karibu kilomita 386, kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Akafika. Kila nikifungua boneti ya mashine kuukuu namkumbuka mzee yule, maana alichukua mwendo wa mashine kama ulivyo, akasafiri nao.

Haya, tushike spana. Kabla ya yote chomoa waya wa plagi. Usiseme "nimezima, inatosha". Ukizungusha kisu kwa mkono unaweza kuzungusha na injini, na injini yenye joto inaweza kushika. Baada ya hapo toa mkanda wa visu, toa sahani nzima, iweke kando.

Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Sahani ile ni chuma kizito, na imekaa chini kabisa. Ukiitoa, uzito uliobaki wote uko juu. Kisha unafunga matairi makubwa, unanyanyua mashine tena. Sasa una kitu chembamba, kirefu, kichwa kizito. Kwa hiyo kila inchi unayoongeza kwenda juu, ongeza na upana: sukuma magurudumu nje kwa vipande vya kati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na rimu. Mimi mashine hii nimeipandisha inchi moja na nusu tu, kwa njia ya matairi peke yake. Chasisi sikuigusa.

Sasa breki. Naomba mtulie kidogo, kwa sababu hili ndilo lililonitoa nyumbani leo.

Tazameni hapa chini. Kati ya magurudumu ya nyuma kuna giaboksi ya aluminiamu iliyoungana na ekseli. Ndani mna gia, na mna difu, zile gia zinazoruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na jingine kwenye kona. Breki ni hiki kisahani ubavuni, hakizidi kiganja cha mtoto. Hakikamati gurudumu hata moja. Kinakamata shafti ya gia, gia nazo zinakamata difu, na hapo ndipo kazi yake inapoishia. Nimekanyaga breki na kuifunga. Wewe kijana mwenye kofia nyekundu, njoo. Zungusha gurudumu la kushoto kwenda mbele. Breki imefungwa, sivyo? Na bado linazunguka! Wote tazameni la kulia: linarudi nyuma.

Mmeona? Difu ndivyo ilivyo. Ukiizuia katikati, gurudumu moja linaweza kwenda mbele ilimradi jingine lirudi nyuma. Yote mawili yakiwa yamekanyaga ardhi hutagundua, kwa sababu ardhi inayazuia. Lakini gurudumu moja likiinuka hewani, huna breki.

Mimi nililijua hilo kwa mwili wangu. Mashine yangu ya kwanza niliibadilisha matairi na puli, yale magurudumu ya mkanda, breki nikaiacha kama ilivyo kwa sababu uwanjani ilikuwa inakamata vizuri. Siku hiyo nilikuwa nashuka ukingo wa kijito, mteremko si mkali, mvua imenyesha usiku. Tairi la mbele la kulia likaingia kwenye shimo, mashine ikainama, na gurudumu la nyuma la kushoto likaachana na ardhi. Nikakanyaga breki mpaka mwisho. Mashine ikaendelea kushuka. Nikageuka kutazama, nikaona lile la kushoto linazunguka hewani kinyumenyume, pole pole, kama la mkokoteni uliopinduliwa. Niliruka upande wa juu. Mashine ilimalizia majini ubavu chini, mimi nikavunjika kifundo cha mkono. Nilikuwa nimeweka gia ya kwanza. Mwendo haukuwa tatizo hata kidogo.

Dawa yake ni mbili, na nawaomba mfanye zote. Ya kwanza, funga difu. Unafungua giaboksi, unatoa grisi yote, unachomelea zile gia ndogo za difu zishikane, ili magurudumu yote mawili yazunguke kama kitu kimoja. Faida yake mnaipata mara mbili: kwenye tope gurudumu lenye mshiko ndilo linalovuta, na kwenye mteremko lililokanyaga ardhi ndilo linaloshikwa. Hasara ipo. Kona inakuwa nzito, na kwenye lami matairi yanaburuzika na ekseli inajipinda. Lakini lami si mahali pake hata hivyo.

Mkifungua giaboksi kwa mara ya kwanza msishtuke. Nyingi za aina hii hazitumii oili, zina grisi, na grisi ya miaka 20 inatoka nyeusi, nzito kama ugali wa muhogo. Ichukue kidogo kwa vidole, isugue, ipeleke kwenye mwanga. Ikiwa laini tupu, gia zako ni nzima. Ikimetameta kama imechanganywa na mchanga wa dhahabu, hicho ni chuma, tafuta gia iliyolika kabla hujafunga. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, chomelea, jaza grisi mpya. Na zile zinazosukumwa kwa shinikizo la mafuta ya haidroliki badala ya gia za kuhesabu, ambazo unakanyaga pedali moja tu zikaenda, kwa kazi ya tope siwashauri. Zikilemewa mafuta yanapata moto na nguvu inapotea. Tafuta yenye gia za mkono.

Dawa ya pili ni breki ya kweli: diski na kalipa, yaani koleo linaloibana, vya gokati, kile kigari kidogo cha mashindano, diski imefungwa kwenye ekseli yenyewe. Difu ikishafungwa, diski moja inatosha kwa magurudumu yote mawili. Bano la kalipa lisichomelewe kwenye aluminiamu ya giaboksi, lifungwe kwa bolti kwenye chasisi.

Sasa mwendo, na hapa ni hesabu ndogo tu. Injini hii inazunguka 3,300 kwa dakika. Puli yake ilikuwa ya inchi 4, ya giaboksi inchi 6, kwa hiyo giaboksi ilikuwa inapokea mizunguko 2,200. Nimeweka ya inchi 8 nyuma. Sasa inapokea 1,650. Mwendo umepungua kwa robo, nguvu ya kuvuta imeongezeka kwa theluthi. Lakini matairi nayo yana neno lake. Ya zamani yalikuwa na kimo cha inchi 20, haya ya kashata ndefu, yaani yenye meno marefu, ni inchi 23, na kila mzunguko yanasogea mbele asilimia 15 zaidi. Kwa hiyo sehemu ya nguvu niliyoipata kwenye puli nimeilipa kwenye matairi. Ukijumlisha yote, mashine iliyokuwa inakwenda kilomita 8 sasa inakwenda karibu 7, na inapanda pale ilipokuwa inazunguka mahali pamoja. Anayefunga matairi makubwa bila kugusa puli anaipa mashine mwendo asioutaka na kuinyima nguvu anayoihitaji.

Kwa nini nimekuza puli ya nyuma na sikupunguza ya mbele? Mkanda unashika vizuri zaidi kwenye puli kubwa, na mkanda wenye tope unateleza haraka. Mama mmoja pale amenyoosha mkono... Ndiyo mama, tope likiingia kwenye mkanda unafungua na kuusugua kwa kitambaa kikavu, hakuna njia ya mkato. Kipande cha bati chini ya puli kinapunguza sana.

Gavana, kile kifaa kinachozuia injini isizidi mizunguko yake. Vijana, tafadhali. Mtu atawaambia toa gavana, injini ipumue. Injini hizi zimewekewa kikomo cha mizunguko 3,600 au chini ya hapo, na kila kitu ndani kimetengenezwa kwa kikomo hicho. Konrodi, mkono unaoshika pistoni, kwa nyingi ni aluminiamu. Ukiizidishia, inakatika na kutoboa bloku. Hiyo ndiyo bahati nzuri. Bahati mbaya ni flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kupasuka, nayo iko hapa, chini ya boneti, mbele ya magoti yako. Mashine hii haihitaji mizunguko zaidi, hesabu ya puli mmeiona wenyewe. Gavana iacheni.

Mteremko una neno jingine kwa injini. Nyingi za silinda moja hazina pampu ya oili, zinarushiwa oili na kitu kinachozunguka ndani. Ukiilaza injini sana, oili inakimbilia upande mmoja na upande wa pili unakauka. Vitabu vya mashine hizi kwa kawaida vinakataza mteremko unaozidi nyuzi 15, na injini haijui kwamba umebadilisha matairi. Na lile wavu juu ya flaiwili, ambako hewa ya kupoza inaingia, lisafisheni kila mkitoka matopeni. Likiziba, injini inapikika.

Ekseli ya mbele nitaipitia haraka: imening'inia kwenye pini moja katikati, na pini hiyo ikilika usukani unacheza. Weka bushi mpya, chomelea bomba la mraba nyuma ya ekseli, badilisha tairodi, zile fimbo za usukani. Kazi ya Jumamosi moja.

Swichi ya chini ya kiti, ile inayozima injini ukiinuka, msiikate waya. Najua inasumbua ukirushwarushwa. Mimi nimeiacha, nikaongeza na ya kamba: ncha moja kwenye swichi, nyingine kwenye mkono wangu. Nikidondoka, inazima. Kofia ngumu kichwani, na mtoto hapakatwi. Mashine ina kiti kimoja.

Kuna swali moja niliulizwa mlangoni: mara ya kwanza niiendeshe wapi? Kwenye shamba tambarare la mtu aliyekupa ruhusa, kwa saa moja, gia ya kwanza na ya pili. Kisha irudishe gereji, ipandishe kwenye jeki, kaza kila nati, halafu ufungue magurudumu ya nyuma. Ndani ya habu kuna kipande kidogo cha chuma, kii, kinachoshikanisha gurudumu na ekseli. Difu ikifungwa mzigo wote unakwenda kwake, na kikikatika gurudumu linazunguka peke yake, halivuti wala halishiki breki, hata kama kila kitu kingine umekitengeneza sawasawa. Hiki mkononi mwangu nilikitoa jana. Pitisheni mkono kwa mkono, kila mtu akiguse kwa ukucha hapa katikati. Mnasikia kama ngazi ndogo? Kimeanza kukatika. Kimefanya kazi saa 11 tu, na kwa macho kilikuwa kizima.

Nimeleta kipya. Nani atanishikia tochi?