Mkondo, Eneo na Mapigo ya Saa: Kubuni Amplifaya Sahihi Isiyokula Umeme Ndani ya Chipu

Ndugu wahandisi na wanafunzi,

Tuna mikroampea 1. Hiyo ndiyo bajeti yote ya hatua ya kwanza ya amplifaya yetu, na kihisi kilicho mbele yake kinatoa ishara ya mikrovolti chache tu. Mbuni akibanwa hivi hukimbilia mkondo: kelele ikizidi anaongeza mkondo, ofseti (volteji ya kosa inayotokana na transista mbili kutolingana) ikizidi anaongeza mkondo. Naomba tuache mazoea hayo. Mkondo hutibu kasi, na pia kelele ya joto, ile itokanayo na mtikisiko wa elektroni. Ofseti hutibiwa kwa eneo la silikoni, au kwa mapigo ya saa, na kelele ya masafa ya chini vivyo hivyo. Ukichanganya dawa hizi, betri itaisha na kosa litabaki pale pale.

Tuanze na jozi ya kuingilia, yaani transista mbili zinazopokea ishara. Kila transista inapata mikroampea 0.5. Tunachotaka ni transkondaktansi kubwa (mkondo unavyobadilika kwa kila volti ya ingizo) kwa mkondo huo mdogo. Transista ya MOS ikiendeshwa volti 0.4 juu ya kizingiti, yaani volteji ambapo huanza kuwaka sawasawa, kila ampea inakupa transkondaktansi ya simensi 5 hivi. Iteremshe chini ya kizingiti, utapata 25. Tofauti ni mara tano, kwa mkondo ule ule! Eric Vittoz na Jean Fellrath walichapisha mwaka 1977 saketi za analogi zilizojengwa kwenye eneo hilo, na hadi leo ndiko tunakokwenda umeme unapokuwa haba.

Kwa teknolojia ya nanomita 180, PMOS (aina moja ya transista ya MOS; NMOS ni ya pili) yenye upana wa mikromita 50 na urefu wa 2 itakuwa chini ya kizingiti kwa mkondo huo. Usiipanue zaidi ukitumaini transkondaktansi itapanda. Imeshafika kikomo chake; utakachoongeza ni kapasitansi ya geti, mguu unaopokea ishara. Tuna mikrosimensi 12.5, na kelele ya jozi ni kama nanovolti 45 kwa kipeuo cha pili cha hezi. Ukitaka kuipunguza nusu, mkondo uuzidishe mara nne. Hapa ndipo mkondo unapotumika kwa haki.

Sasa transista za mzigo, zile zinazopokea mkondo wa jozi, ambazo wengi huzisahau. Kelele na ofseti yake hufika kwenye ingizo zikiwa zimezidishwa kwa uwiano wa transkondaktansi yake na ile ya jozi. Kwa hiyo mzigo unataka kinyume kabisa: uwe juu ya kizingiti, mrefu na mwembamba. NMOS ya upana wa mikromita 0.5 na urefu wa 24 itafanya kazi karibu volti 0.4 juu ya kizingiti, na uwiano utashuka hadi 0.2. Kelele nzima inapanda kutoka 45 hadi 49 tu. Kwenye kipimo data cha kilohezi 1 hiyo ni kama mikrovolti 2. Gharama yake ni volteji: volti 0.4 zilizokwenda kwenye mzigo ni nyingi mno kwa chipu ya volti 1.2, na hapo itabidi ukubali uwiano mkubwa kidogo.

Ofseti ina sheria yake, ile aliyoieleza Marcel Pelgrom na wenzake mwaka 1989: mtawanyiko wa tofauti ya vizingiti hupungua kadiri ya kipeuo cha pili cha eneo la geti. Chukua kigezo cha milivolti 4 mara mikromita, ukigawe kwa kipeuo hicho. Jozi yetu ina mikromita za mraba 100 kwa kila transista, basi mtawanyiko ni milivolti 0.4. Tukitaka mikrovolti 10, kila transista itahitaji mikromita za mraba 160,000, yaani mraba wa milimita 0.4 kila upande. Hakuna atakayekupa nafasi hiyo.

Ndipo tunaita chopa. Swichi nne kwenye ingizo hugeuza ishara huku na huku, amplifaya inakuza, swichi nyingine nne huirudisha mahali pake. Ofseti na kelele ya masafa ya chini, ambazo hazikugeuzwa mwanzoni, husukumwa hadi masafa ya chopa na kuchujwa. Chagua masafa yaliyo juu ya pale kelele ya chini inapokutana na ya joto, tuseme kilohezi 20. Usiyapandishe ovyo, kwa sababu kila swichi inapofunga na kufungua humwaga chaji kidogo, na chaji isiyolingana pande mbili inazaa ofseti mpya inayokua na masafa. Tumia swichi ndogo, na nyaya za saa zikae mbali na ingizo.

Kosa moja hapa halionekani kwenye simulesheni ya kawaida ya masafa. Kila upande wa ingizo ukiwa na pikofaradi 0.5 baada ya swichi, chopa ya kilohezi 20 inageuka kuwa rezista ya megaomu 50. Kihisi chenye megaomu 1 kitapoteza asilimia 2 ya ishara, na mbuni atahangaika kutafuta kosa hilo kwenye mrejesho.

Mwisho ni chanzo cha mkondo wenyewe. Kwa transista mbili zilizo chini ya kizingiti, moja kubwa mara 8 ya mwenzake, na rezista ya kiloomu 540, unapata nanoampea 100 kwenye joto la kawaida. Mkondo huo unapanda na joto, hivyo transkondaktansi ya jozi inabaki karibu palepale. Lakini saketi hii ina hali mbili za utulivu, na mojawapo ni ya mkondo sifuri. Kwenye joto kali uvujaji huiamsha bila msaada, kwa hiyo simulesheni ya nyuzi 85 itakudanganya. Ipime kwenye nyuzi −40, transista zikiwa za polepole, volteji ikipanda mara moja kwa mikrosekunde 1, kisha tena ikipanda taratibu kwa milisekunde 100. Isipoamka katika mojawapo, ongeza saketi ya kuiamsha, na uhakikishe inajizima yenyewe baada ya kazi, maana nanoampea 20 zinazoendelea kuvuja humo ni moja ya tano ya mkondo wa chanzo chako.