Furu, Karabai na Nyota

Mhadhara wa jioni kwa wanafunzi na wakazi, Mwanza

Mwadila! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nashukuru mmekuja, maana najua saa hizi wengine mngekuwa mnahesabu mauzo ya siku, na wengine mpira umeshaanza kwenye luninga. Mniruhusu niongee nimekaa. Goti langu lilistaafu kabla yangu.

Nimekuja kwa sababu ya kikaratasi hiki. Mwezi uliopita niliongea na vijana wa kidato cha nne, nikawaomba waandike maswali bila kutaja majina. Mengi yalikuwa ya mtihani. Moja nalisoma lilivyo: "Mwalimu, kama nyota ni nyingi hivyo na sisi ni wadogo hivyo, nikiwepo au nisiwepo kuna tofauti gani?" Sijui liliandikwa kwa uchovu wa hesabu au kwa jambo zito zaidi. Aliyeliandika, kama yupo hapa, anifuate tukimaliza, tunywe chai.

Kwanza nikubali sehemu aliyosema kweli. Sisi ni wadogo, tena kuliko anavyodhani. Nuru inakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungekwenda Dar es Salaam na kurudi Mwanza zaidi ya mara 100 kabla hujamaliza kupiga chafya. Basi, nuru hiyo hutumia dakika 8 na sekunde kama 20 kutoka juani hadi kwenye paji la uso wako. Ukitaka kwenda wewe kwa basi, kilomita 80 kwa saa, bila kusimama kula wala kupimwa mwendo na trafiki, utatumia zaidi ya miaka 200. Na jua ndiyo nyota ya jirani! Inayofuata, nuru yake husafiri miaka 4 na zaidi. Galaksi yetu ina nyota zisizopungua bilioni 100, na galaksi zenyewe hazina idadi tunayoweza kuishika kichwani.

Mwezi huu wa Januari, mvua ikituhurumia, Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko juu upande wa kaskazini mapema usiku. Wazee wanakijua, kimewapa wakulima majira tangu enzi. Nuru ya Kilimia mtakayoiona leo iliondoka kule miaka kama 440 iliyopita, kabla Mreno hajaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593. Na haya mawe ya Mwanza tunayopigia picha za harusi yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mbele ya jiwe, maharusi ni wageni wa nukta moja.

Kwa hiyo ni wadogo. Hapo sibishani. Ninapobishana ni kwenye neno dogo lililojificha katika swali lile: "wadogo, *kwa hiyo* hatuna maana." Hiyo "kwa hiyo" imetoka wapi? Huwezi kupima utamu wa sato kwa futikamba. Futikamba ni kifaa kizuri, nimekitumia miaka mingi darasani, lakini kinapima urefu, basi.

Mkiona ninacheza na maneno, niwape mfano uliotokea hapa hapa, chini ya maji yetu.

Ziwa hili letu la Victoria ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lakini halina kina cha kutisha, kama mita 80 tu penye kina kirefu kabisa. Watafiti walizamisha mabomba kwenye tope la chini wakakuta tabaka gumu, udongo uliowahi kuwa nchi kavu. Yaani karibu miaka 15,000 iliyopita ziwa lilikauka. Kisha mvua zikarudi, maji yakajaa, wakaingia furu. Mnawajua furu, hawa wadogo wa kidole, wenye mifupa mingi, ambao bibi alikuwa akikukaangia huku akikuonya usiongee unapokula. Katika muda huo mfupi, mfupi kwa saa ya mawe namaanisha, furu waligawanyika wakawa spishi zipatazo 500. Wapo waliokwangua mwani kwenye mawe. Wapo waliovunja konokono kwa meno ya kooni. Majike wengi huatamia mayai mdomoni, na vifaranga wakitishwa hurudi humo humo kujificha. Basi wakatokea furu wengine ambao riziki yao ni kumgonga mama mpaka ateme watoto, nao wawale. Ujambazi mtupu, lakini ni ufundi. Na spishi hizi nyingi hazipo popote pengine duniani, ukitoa bonde hili.

Enzi za mkoloni wataalamu waliwatazama furu na kuwaita takataka. Wadogo mno, wengi mno, hawana bei. Wakasema: tulete samaki mkubwa awale hawa, atugeuzie takataka kuwa nyama. Miaka ya 1950 sangara akatiwa ziwani. Baadaye, miaka ya 1970, kikajengwa hapa Mwanza kiwanda cha kuwasaga furu kuwa chakula cha kuku. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifika kwenye ghuba yetu mwishoni mwa miaka hiyo kuwachunguza. Kabla hawajamaliza kuwapa majina, furu wakaanza kutoweka mbele ya macho yao. Sangara alikuwa ameshamiri, na maji yenyewe yalikuwa yanachafuka. Spishi zilizopotea zinakadiriwa kufika 200.

Simlaani sangara, msininukuu vibaya. Amejenga nyumba Kirumba na kusomesha watoto, baadhi yao nimewafundisha. Ninachosema ni kwamba hesabu ya "mdogo, kwa hiyo hana maana" ilishafanywa hapa na watu wenye shahada, na ilikuwa mbovu. Waliangalia ukubwa na idadi. Hawakuuliza: hiki kikiondoka, kitapatikana wapi tena?

Sasa ligeuzeni swali hilo juu. Nyota zipo mabilioni, na kwa sehemu kubwa ni haidrojeni na hiliamu zinazowaka. Lakini kiumbe anayechana karatasi ya daftari na kuandika "kuna tofauti gani" tumemkuta mahali pamoja tu mpaka leo. Pengine wapo wengine, sitashangaa. Bado hatujawaona.

(Hapo kijana mmoja aliuliza: "Lakini mwalimu, furu walipopotea, nyota hazikujali.")

Kweli kabisa, hazikujali. Kaa, mwanangu, umeuliza vizuri. Wala sitakudanganya kwamba ulimwengu unatuhurumia. Mambo ya Mungu nawaachia mashehe na mapadre, wanayajua kuliko mimi. Mimi nitakwambia kilichonipata nikiwa kidato cha pili.

Ilikuwa likizo, nikamfuata mjomba kuvua dagaa. Mnajua dagaa ni kazi ya giza, mbalamwezi ikitoka watu wanalala. Usiku ule upepo ukageuka, mvua ikatupiga, karabai ikazimika na kiberiti kikawa uji. Wakati huo ni makasia, hakuna injini. Mvua ilipokatika, mawingu yakafunguka na nyota zikajaa, sijaona nyingi vile tena. Nikaziogopa. Zilikuwa nyingi na hakuna hata moja iliyotufaa. Mashariki, pale maji yanapokutana na mbingu, nikaona nuru moja ndogo, ya njano. Nikamwambia mjomba, tuifuate ile. Akaniambia, "Tulia. Ikipanda ni nyota, ikibaki ni mtu."

Tukakaa. Nilikuwa natetemeka, mjomba anakumba maji kwa kopo la samli. Sijui zilipita dakika ngapi, labda kumi. Haikupanda. Mjomba akashika kasia bila kusema neno. Tulipofika tukakuta mtumbwi wa watu wa Ukerewe, wanavuta wavu. Hawakutuuliza sisi ni kina nani. Mmoja alituwashia karabai yetu kwa kiberiti chake, akatupa nusu ya muhogo wa kuchemsha, ulikuwa umepoa. Majina yao sikuyajua, na sura zao hazikuonekana vizuri.

Kwa hiyo nikuulize wewe, kijana: usiku ule, kati ya mabilioni yale na taa ile, kubwa ilikuwa ipi? Usinijibu sasa.

Naona mwenyeji wetu ananionesha saa. Naomba taa za ukumbini zizimwe, tutoke nje taratibu, wazee wapewe mkono kwenye ngazi. Leo ni giza, wavuvi wameshatoka. Hapa lakini tunatazama magharibi, hivyo kanuni ya mjomba mtaigeuza: ikizama ni nyota. Haya, ile ya kushoto, karibu na kile kisiwa. Mnaiona? Tusubiri kidogo.