Bendera Mnayo? Eddie Izzard na Mzaha Unaovuka Lugha

Wakubwa shikamooni, wenzangu, habari za jioni.

Naanza na kisa. Mwingereza anashuka India, anachomeka bendera ardhini na kutangaza: nchi hii sasa ni yetu. Wenyeji wanashangaa. Yenu kivipi? Sisi ndio tunaoishi hapa, tupo milioni 500! Mwingereza anawatazama, anauliza: "Bendera mnayo?"

Mmecheka, tena huku nyuma kuliko hapa mbele. Kisa hicho ni cha Eddie Izzard, mchekeshaji wa Uingereza, kimo katika onyesho la Dress to Kill, lililompatia tuzo mbili za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, mwaka 2000. Mimi nimekikatakata, nimekivika Kiswahili, na bado kimefika salama. Nataka tuone kimefikaje.

Izzard alizaliwa mwaka 1962 Aden, bandari ya Yemen ambayo mabaharia wa pwani yetu waliizoea tangu enzi za majahazi. Baba alikuwa mhasibu wa kampuni ya mafuta. Familia ikahamia Ireland ya Kaskazini, kisha Wales. Mama akafariki kwa saratani Eddie akiwa na miaka 6. Baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Sheffield kusomea uhasibu kama baba. Akauacha.

Shule yenyewe ilikuwa barabarani, Covent Garden, London. Pale hakuna tiketi wala viti. Mpita njia hana deni na wewe: ukimchosha nusu dakika, ameshaondoka, na kofia yako itabaki tupu. Izzard alipanda baiskeli ya gurudumu moja akijifungua pingu, huku mdomo haupumziki. Nadhani ndipo alipojifunza ule mtindo wake wa kupotea makusudi: anaanza na Warumi, anaangukia kwenye nyuki, anajibishana na nafsi yake kwa sauti mbili, halafu anarudi kwa Warumi ulipokwisha kuwasahau. Hakai mezani kuandika. Kisa hukijenga jukwaani, usiku baada ya usiku.

Mavazi? Ndiyo, alizaliwa mvulana, ila alipanda jukwaani na rangi ya mdomo na viatu vya visigino virefu tangu zamani, na leo anaitwa pia Suzy. Kiingereza kimebishana sana juu ya kiwakilishi chake, "he" wa kiume au "she" wa kike. Sisi tuna "yeye", tumemaliza.

Sasa lugha. Alifanya onyesho lake kwa Kifaransa mjini Paris, akaenda Berlin na Kijerumani, na Kihispania pia. Kijerumani alisaidiwa na kaka yake, Mark, mjuzi wa lugha. Hapo kuna kazi: Kijerumani mara nyingi hupeleka kitenzi mwisho wa sentensi, na mzaha huishi au hufa kwa neno la mwisho. Kubadili maneno peke yake hakutoshi, sentensi inabidi ivunjwe na kuungwa upya.

Izzard hushikilia kwamba ucheshi hauna taifa, ila marejeo ndiyo yenye taifa. Namkubali nusu. Yeye huchagua wafalme, Mungu, dinosaria, bendera, vitu ambavyo dunia nzima imevisikia. Kile kichekesho chenu cha konda na chenji hakifiki Berlin hata ukikipandisha ndege.

Mengine nayapita haraka: filamu, zikiwemo Ocean's Twelve na Victoria & Abdul; marathoni 43 kwa siku 51 mwaka 2009, kisha 27 kwa siku 27 Afrika Kusini mwaka 2016, kwa heshima ya miaka 27 ya Mandela kifungoni. Akaomba chama cha Labour cha Uingereza kimsimamishe kugombea ubunge, Sheffield, halafu Brighton. Kote wakamkataa.

Mwaka 2024, New York, aliigiza Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, peke yake, wahusika 23, kwa maandishi yaliyofupishwa na Mark yuleyule. Walipoingia wale marafiki wawili wanafiki, Rosencrantz na Guildenstern, hakubadili nguo wala kofia. Aliinua mikono miwili, vidole vikafumba na kufumbua kama midomo ya vikaragosi, ikaanza kubwabwaja. Ukumbi wa Shakespeare ukawa Covent Garden.

Haya, maswali. Tuanze na huku nyuma mlikocheka.