Puto au ndege? Kusoma alama katika chapa ya Meryon

Haya, karibuni. Mezani leo ipo Le Pont-au-Change ya Charles Meryon, mchoraji chapa wa Kifaransa, chapa ya mwaka 1854: daraja la Paris na mto Seine. Ni chapa ya asidi. Bamba la shaba linapakwa nta, sindano inachora, asidi inakula mistari, wino unaingia, mashine inabana. Hayo mnayajua, twende.

Kwanza kabisa, kabla hujataja alama hata moja, tafuta nakala yako ni ya toleo la ngapi la bamba. Makumbusho huliandika kwenye maelezo ya picha. Usiruke! Shaba hukwanguliwa, ikasuguliwa, ikachorwa upya, na kila badiliko la bamba ndilo toleo jipya. Meryon alifanya hivyo hasa.

Sasa anza angani. Toleo hili lina puto, limeandikwa Speranza, yaani tumaini. Shuka majini, taratibu... ngoja, taa inang'aa kwenye kioo. Naiinamisha pembeni. Hapo sawa. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha. Mnamwona? Mtu anazama, mkono juu. Soma puto na huyu mtu kwa pamoja: tumaini linapaa, yeye anakwenda chini. Ukimtazama mmoja peke yake, umeikosa picha.

Narudia, angalia toleo! Katika baadhi ya matoleo ya baadaye puto limefutwa, na pale juu wamejaa ndege wakubwa. Ukieleza tumaini huku umeshika nakala ya ndege, maelezo yako yote yameharibika. Kagua anga kwa lenzi: shaba iliyokwanguliwa hubonyea kidogo, wino unatuama, ukungu wa kijivu unabaki. Wengi huwahusisha ndege hao na ugonjwa wake wa akili. Alilazwa Charenton, hospitali ya wagonjwa wa akili, mwaka 1858. Mimi naona tuanze na bamba, ugonjwa baadaye.

Halafu si kila kitu ni alama. Chukua La Morgue, yaani chumba cha maiti, chapa yake nyingine ya 1854. Maiti imetolewa mtoni, inabebwa, askari ananyoosha mkono kuonyesha njia, mwanamke analia, watu wamejazana ukutani wakitazama. Chini yao kuna mashua za kufulia nguo. Mashua hizo kweli zilifungwa kwenye Seine, na chumba cha maiti kweli kilikuwa pale hadi 1864. Alama iko kwenye mpangilio: kufua na kifo kwenye ukingo mmoja, na moshi wa dohani juu ya vyote.

Fungueni La Morgue, hesabuni wanaotazama maiti na wasiotazama, kisha andikeni kwenye maoni. Na mtaje toleo!