Chatu wa Mezani: Kuutoa Mwendo Nje ya Programu ya Michoro

Mwadila, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliopanda daladala kutoka Kisesa na Buhongwa jioni hii.

Nina jambo moja, na linaniuma kwa sababu naona vijana wa Mwanza wenye mikono mizuri wanalipoteza kila siku. Mnachora katuni kwenye Blender, programu ya michoro ya 3D, mnaigeuza video, mnaipandisha mtandaoni, kazi imeisha. Kumbe ule mwendo mlioutolea jasho unaweza kutoka kwenye kompyuta palepale unapochezeshwa, ukaendesha mota, taa za jukwaani, sauti, hata mchezo kwenye kompyuta nyingine. Video ni tokeo moja tu.

Kinachotoka ni chaneli. Chaneli ni namba moja inayobadilika kadiri muda unavyokwenda. Kiwiko kikikunjwa, kuna chaneli ya X, ya Y na ya Z. Blender huzichora kama mikunjo kwenye dirisha la grafu. Houdini, programu nyingine ya michoro, ina sehemu maalumu ya kuzichanganya na kuzitoa nje, na TouchDesigner, iliyochipuka kutoka Houdini, inaifanya kazi hiyo mchana kutwa.

Hapa mezani kuna chatu. Ni mbao, nyaya na mota 12 za servo, yaani mota zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru, moja kwa kila pingili. Wazee wetu wa ngoma waliomchezesha chatu pale Bujora siku za Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, wataniambia kama anatembea inavyopaswa. Kazi yetu ni kumfanya afuate yule aliye kwenye skrini.

Tuangalie ujumbe mmoja kwa karibu. Natumia OSC, itifaki, yaani kanuni za kompyuta kutumiana ujumbe, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 1997 kwa ajili ya ala za muziki. Pingili ya shingo nimeipa anwani /chatu/shingo. Hesabuni: herufi 13 pamoja na mikwaju. Inafungwa kwa sifuri, kisha inajazwa sifuri hadi ifike baiti 16, maana OSC hutaka kila kipande kigawanyike kwa 4. Inafuata alama ya aina, mkato na f, yaani namba ya desimali; pamoja na sifuri zake ni baiti 4. Mwisho namba yenyewe, baiti 4. Jumla 24.

Picha moja ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa ni baiti 6,220,800. Chatu mzima, pingili 12, fremu (picha) 25 kwa sekunde, anakula takriban baiti 7,200 kwa sekunde, ukiacha vichwa vya pakiti, yaani baiti za anwani zinazotangulia kila furushi la data. Ndiyo maana nasema msitume picha pale ambapo namba inatosha.

Sasa njia ya kutumia. Kuna njia mbili za kusafirisha pakiti kwenye mtandao, TCP na UDP. Wengi mtakimbilia TCP kwa kuwa haipotezi kitu. Kwa mwendo wa moja kwa moja, mimi nasema hapana. TCP ikipoteza pakiti, huzizuia zilizofuata mpaka ile iliyopotea itumwe tena. Mota inaletewa pozi la zamani, na la zamani halina kazi, kama bei ya sangara ya jana ukienda nayo soko la samaki la Mwaloni leo. Tena mpokeaji akikwama, bafa, ghala la muda la data, inajaa, skripti yako, ule msimbo unaotuma namba, inasimama kusubiri, na Blender inaganda nayo. UDP, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1980, hutupa pakiti na kuendelea. Ikipotea moja, inayofuata inakuja baada ya milisekunde 40. Ila kila ujumbe ubebe namba ya fremu, mpokeaji aweze kuitupa pakiti iliyochelewa njiani. Na mkiwa uwanjani kwenye watu wengi wenye simu, vuteni waya. Waifai itawaangusha.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi nyingi huharibikia. Blender inakuonyesha nyuzi 90, lakini namba iliyo ndani, ile skripti inayoisoma, ni 1.5708, kwa radiani, kipimo kingine cha pembe. Mpokeaji akidhani ni nyuzi, chatu anatikisika kwa nyuzi moja na nusu, na mtu anamaliza usiku mzima akifungua mota zisizo na kosa. Mambo ya mhimili ni hayohayo: Blender inasema juu ni Z, Unity, programu ya kutengeneza michezo, inasema juu ni Y. Kabla ya kuandika mstari wowote wa skripti, kaeni na fundi wa mota muandike kwenye karatasi: jina la chaneli, kipimo, sifuri iko wapi, mwisho wake wapi.

Jingine: msisome mkunjo mkadhani mmesoma mwendo. Pingili inayovutwa na mfupa mwingine kwa IK, hesabu inayokunja mifupa yenyewe ili ncha ifike inapotakiwa, inaweza isiwe na mkunjo wowote. Subirini Blender imalize kukokotoa fremu, kisha chukueni pozi la mwisho la kila mfupa. Skripti ifungwe kwenye tukio la kubadilika kwa fremu, siyo kwenye saa yake yenyewe.

Upande wa mpokeaji ni mwepesi. Servo ya kawaida hupokea mpigo wa milisekunde 1 hadi 2, kila baada ya milisekunde 20. Yaani mara 50 kwa sekunde, nasi tunatuma 25, kwa hiyo mpokeaji ajaze thamani ya katikati, chatu asiende kwa kushtukashtuka. Na ujumbe ukikatika kwa nusu sekunde, mota zibaki zilipo. Zisirudi sifuri kwa kishindo. Kuna watoto husimama karibu na jukwaa.

Kompyuta hii inatuma kwenye poti 9000. Mwenye laptopu aje achomeke waya, tuanze na shingo.