"Nyumbani hasa ni wapi?" Mimi ni wa Nax

Watu wangu, habari za huko. Hapa Minneapolis ni saa moja asubuhi. Nimetoka zamu ya usiku, niko ndani ya gari nje ya kazini na hita nimeiwasha hadi mwisho, kwa hivyo mkisikia mvumo ndio huo. Leo sikupanga kurekodi. Lakini kuna jambo lilinipata Jumamosi na limenikaa kooni tangu siku hiyo. Nikienda nyumbani nikalala, nitaamka nimelimeza. Sitaki kulimeza.

Tulikuwa kwenye mchango wa matanga, Wakenya watupu, sufuria za pilau mezani, watoto wanakimbizana. Kando yangu ameketi mzee mmoja, mtu wa heshima zake. Akaniuliza, "Na wewe binti yangu, ni wa wapi?" Nikamwambia, "Mimi ni wa Nax, mzee," yaani wa Nakuru. Akatabasamu. "Nax ni mahali pa kukulia tu. Nyumbani hasa ni wapi?"

Hilo swali mnalijua. Halikuulizi mahali. Linakuuliza jina la babu yako, lugha mnayoteta nayo usiku, na ukifa utazikwa kaburi gani. Nikajibu Vihiga, maana ndiko babu yangu alikozaliwa. Mzee akafurahi, akanisalimu kwa Kiluhya, "Mulembe!", nami nikaitikia mulembe kwa adabu. Tukala. Lakini nilipokuwa narudi kwangu nilihisi kama nimewakana watu fulani mbele ya umati.

Wanaonitazama kutoka Tanzania na Uganda, Nax ndiyo hiyo Nakuru, mji wa Kenya. Vijana walilikata jina wakalitia x mwishoni, kama Naivasha ilivyokatwa kichwa ikabaki Vasha, na Eldoret ikawa Eldy. Hiyo ni Sheng, lugha ya vijana wa mitaani Kenya, na Sheng haina mzee wa ukoo. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

Angalieni majirani zetu wa kule Ziwa Victoria. Mtu wa Kisumu akiwa mbali anasema "Kisumu Dala". Dala kwa Kijaluo ni nyumbani, boma. Ukipanda uende Kakamega, Vihiga, Bungoma, watu wanasema "naenda ingo". Ingo nayo ni nyumbani, kwa Kiluhya. Ni maneno matamu sana. Nimemwona mwanamume mzima hapa Minnesota akisema "dala" na macho yakamlowa. Sina ugomvi na maneno hayo hata kidogo. Ila fikirini yule Mhindi ambaye familia yake imeuza nguo Kisumu vizazi vinne, au Mnubi wa Kibos. Akisema "Dala" kwa kinywa chake, kuna atakayemkumbatia, na kuna atakayemwangalia mara mbili. Neno limetoka kwenye lugha ya mama ya mtu, na mwenye lugha ndiye anayeshika ufunguo.

Nakuru hatukuwa na neno kama hilo. Jina lenyewe ni la Wamaasai, mahali pa vumbi, na aliyewahi kusimama karibu na ziwa letu wakati wa kiangazi, upepo ukiinua ile magadi nyeupe, hahitaji kufafanuliwa. Reli ilifika mwaka 1900, na nyuma ya reli wakaja watu wa kila upande. Babu yangu alikuja miaka ya hamsini kufanya kazi relini, akapewa chumba kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Mlango wa kushoto Mjaluo, wa kulia Mkamba, mkabala Mkikuyu aliyetoka Bahati, hapo karibu na mji. Binti wa huyo wa Bahati ndiye mama yangu. Sasa niambieni, mimi ingo yangu ni ipi? Nikisema Vihiga nimemfuta mama. Nikisema Bahati nimemfuta baba. Nikisema Nax sijamfuta mtu.

Januari 2008 nilikuwa na miaka kumi na minne. Mwishoni mwa mwezi ule, moto wa ghasia za baada ya uchaguzi ulipofika Nakuru, swali la "nyumbani hasa" lilikuwa linaulizwa barabarani na watu walioshika mapanga. Sitasimulia yote. Nitasema moja tu. Usiku mmoja vijana walibisha geti la ploti yetu wakauliza humo ndani wanaishi watu wa wapi. Mama yangu akajibu kwa Kiswahili, sauti haikutetemeka: "Hapa tunaishi watu wa Nakuru." Wakauliza tena. Akarudia vilevile. Jirani yetu Mkalenjin akatoka akasimama kando yake akasema, "Umesikia mama. Watu wa Nakuru." Wakaondoka. Wiki ile maelfu walilala uwanja wa maonyesho na uwanja wa michezo wa Afraha, na wengi hawakupata jirani wa kusimama nao. Sisi tulipata.

Wakati huo kulikuwa na jina jingine walilopewa watu kama sisi katika Bonde la Ufa: madoadoa. Yaani madoa kwenye kitambaa safi, kitu cha kusuguliwa kitoke. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki, na mimi nilishukuru. Lakini neno ukishaitwa ukiwa mtoto, orodha haiwezi kulitoa masikioni.

Ndiyo maana sipendi watu wanaposema majina ya utani ni mchezo wa vijana.

Na tukumbuke sisi si wa kwanza kubandikwa majina na wageni. Kwenye karatasi za babu za enzi za mkoloni, penye kabila pameandikwa Kavirondo. Yeye Mmaragoli, yaani Mluhya, na Mjaluo wa mlango wa kushoto, wote walikuwa Kavirondo, kwa sababu mzungu aliwaona wanaishi upande mmoja wa ziwa. Hata ghuba ilikuwa Ghuba ya Kavirondo. Leo ni Winam. Na Kisumu reli ilipofika tarehe 20 Desemba 1901, bandari ikaitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence, mke wa mhandisi wa reli. Wenyeji walikuwa na jina lao, mahali pa kubadilishana vyakula, na ndilo lililobaki. Nenda leo Kondele, hapo Kisumu, uulize Port Florence ni wapi, uone watakavyokutazama.

Lakini lipo moja la mgeni ambalo wenyeji walilikamata wakalifanya lao, na hilo nalipenda mno. Eldoret ilianza kama shamba nambari 64 kwenye ramani ya walowezi. Watu wakauita mji "Sikisti-fo", na ndimi za wazee wa Kikalenjin zikaligeuza likawa Sisibo. Namba kavu ya mpima ardhi! Nimesikia bibi akisema "tuende Sisibo" kwa sauti ambayo mtu huitumia kumtaja mwanawe. Kwa hivyo sisemi mgeni hawezi kuleta jina. Nasema jina linahesabika pale wanaoishi mahali hapo wanapolitafuna wakalifanya laini.

Ndiyo maana "Nax Vegas" inanisumbua, na najua hapa binamu zangu watanijia juu, kwa sababu wao wanalitumia kwa fahari na wamelichora hadi kwenye matatu. Sawa. Lakini tuulizane, Vegas ni mji wa nani? Ni mji wa mtu kufika Ijumaa, kutumia pesa, kuondoka Jumapili akidai yaliyotokea huko yabaki huko. Wanaotoka Nairobi wikendi wanauona mji wetu hivyo hivyo. Vasha wameshafanyiwa. Kila mashindano ya magari ya Safari Rally yakija, jina la mji wa watu linageuzwa kuwa jina la karamu, na wale wanaoamka alfajiri kwenda kukata maua kwenye mashamba ya kule hawatajwi. Nax yangu ina mama anayeuza mitumba mvua ikinyesha, ina wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton wanaokimbilia matatu ya Njoro, ina mtaa wa Kaptembwa usiku stima zikipotea. Tangu tarehe 1 Desemba 2021 tunaitwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na hilo ni jambo zuri. Vegas sikuiomba.

Baba yangu, kwa upande wake, hataki lolote kati ya hayo. Kwake ni Nakuru, silabi zote tatu, na ukisema Nax mbele yake anakuuliza hizo herufi nyingine umemkopesha nani. Kwa miaka yote niliyokaa majuu, sijamsikia akilikata hilo jina. Anaona kulifupisha ni kumpunguzia babu heshima, yule aliyeshuka garimoshi na sanduku la bati. Namwelewa. Mimi na yeye tunalinda kitu kimoja kwa njia mbili.

Binti yangu ana miaka sita, amezaliwa hapa hapa kwenye theluji. Nax ameifika mara moja tu, akiwa na miaka mitatu, na anachokumbuka ni mbuzi wa jirani. Jana kabla ya shule tulimpigia babu yake. Mtoto akanyakua simu, na Kiswahili chake cha kuokota okota, akauliza, "Babu, mvua imenyesha Nax?"

Nikafumba macho nikisubiri mzee amrekebishe.

Kimya kidogo. Nikasikia jogoo, nikasikia redio yake. Kisha baba akasema, "Imenyesha, mjukuu wangu. Nax yote vumbi limetulia."